Kiingilio cha Uwanja wa Muaither

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa tano, asubuhi, katika uwanja wa shule moja kule Muaither, pembeni mwa Doha, ambako Kochi alituombea nafasi ya kucheza mpira wa kikapu kabla jua halijawa kali. Ninakuita mwanangu, ingawa bado nasomea uzamili na mvi sina. Kochi alituita hivyo akiwa na umri mdogo kuliko huu wangu wa leo, na sikumbuki aliyecheka. Nivumilie, basi. Ninachotaka kukuambia sijakielewa chote. Lakini tangu niliposikia kwamba umeacha shule, nawe umo katika timu ninayoisimamia, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Kochi alikuwa Mkenya, mlinzi wa hoteli, aliyemaliza zamu ya usiku na kuja uwanjani moja kwa moja. Sisi tulikuwa watoto wa madereva na wapishi kutoka Afrika Mashariki, na kama ilivyo kule, Ijumaa na Jumamosi tulipumzika, masomo yakaanza Jumapili. Kanuni yake ilikuwa moja: kabla ya kugusa mpira, kila mmoja asimame aeleze jambo alilojifunza darasani wiki ile. Tuliliita kiingilio. Asiyekwenda shule hakuwa na la kueleza, na asiyeeleza alikaa benchi. Niliipenda kanuni hiyo, pengine kupita kiasi, kwa sababu aliyeifuata alijua hawezi kuonewa.

Siku hiyo tulicheza na vijana wa Al Wukair. Mimi nilieleza jinsi chumvi inavyoyeyusha barafu, elimu isiyo na kazi yoyote Doha, nikapita. Ikafika zamu ya Salum, kijana wa Kitanga aliyeishi mtaa wa Najma. Hakuwa ameonekana shuleni kwa muda. Alikuwa akiosha magari kwenye maegesho. Baba yake, dereva, alikwisha kuapa kwamba mwezi ukiisha bila Salum kurudi darasani, atampandisha ndege arudi Tanga atafutiwe kazi, na habari ya masomo iishie hapo.

"Haya, kiingilio," Kochi akasema.

"Nimejifunza kwamba gari jeusi linaonyesha vumbi kuliko jeupe."

Wenzetu wakaangua kicheko. "Profesa wa ndoo!" mmoja akapaza sauti.

Kochi hakucheka. "Na kwa nini iko hivyo?"

"Sijui, Kochi."

"Basi utakuja kutuambia wiki ijayo. Vaa jezi. Utaingia pahali pa huyu." Akaninyooshea mimi kidole.

"Kochi, na kanuni je? Mimi sijakosa shule hata siku moja!"

"Ndiyo maana, mwanangu. Wewe nikikufukuza hapa leo, Jumapili utakuwa darasani. Huyu nikimfukuza, Jumapili nitamtafuta wapi? Hebu keti hapa, wacha kununa, unihesabie faulo."

Nilihesabu faulo. Nyingi zilikuwa za Salum, na tukafungwa. Wenzangu walipokwisha kuondoka, nilimuuliza Kochi kama alikuwa na hakika na alichokifanya. Akasugua macho yake mekundu.

"Hapana," akasema. "Hata kidogo."

Jibu hilo limenisumbua kuliko benchi lenyewe. Ningelivumilia kosa lake, au hekima yake. Lakini alikuwa ameivunja kanuni yake mwenyewe bila kujua kama itafaa.

Jumapili alfajiri, angali na sare za ulinzi, Kochi aligonga mlango wa kina Salum kule Najma, akamsindikiza kwa miguu hadi lango la shule. Salum akaingia. Baba hakukata tiketi. Salum alimaliza masomo, na leo ni fundi wa viyoyozi.

Hapo ndipo ninapopotea, mwanangu. Nimefundishwa kutenga sababu moja na nyingine kabla ya kusema lolote. Je, kilichomrudisha ni kucheza ile mechi, au kusindikizwa, au hofu ya baba? Mwaka uliofuata Kochi alimfanyia kijana mwingine vivyo hivyo, na huyo shuleni hakurudi kamwe. Juzi, baada ya kupata habari zako, nilimpigia Salum nimuulize. Alicheka hadi akakohoa.

"Kaka, wewe bado umekaa kwenye lile benchi? Kusema kweli, sijui. Joto la maegesho lilikuwa linaniua. Halafu Kochi mwenyewe, njia nzima anatembea huku anasinzia! Mtu kama yule ningemwambiaje narudi kulala?"

Kwa hiyo nasaha yangu ni pungufu, lakini ndiyo niliyo nayo. Usingoje kuzielewa sababu zote za kwenda shule ndipo uende. Nimesoma hadi hapa na mimi mwenyewe sijazielewa. Akija mtu kukuchukua, vaa viatu kwanza, mabishano mtayamaliza njiani. Na Ijumaa njoo uwanjani, hata kama kiingilio chako ni vumbi la magari. Atakuwapo wa kunung'unika kwamba umechukua nafasi yake, naye atakuwa na haki; huyo niachie mimi, maneno yake nayajua yote.

Jumapili alfajiri nitagonga mlango wenu. Sina hakika kama itafaa. Nitagonga.

Mungu akujalie asubuhi nyingi za kuamka ukiwa na mahali unapongojewa, na asikunyime mtu wa kukufikisha langoni. Amina.