Pile Mbili za Jirani

Baba yangu hakujua kupita mbele ya mtu bila kumsalimia, na hata kama mtu huyo alikuwa ndani ya mashine, mdogo kama punje ya mchele, kwake ilikuwa ni vilevile. Anamsogelea, anabonyeza, anasoma jibu lake polepole, halafu anakwenda kwa mwingine. Sisi watoto tuko nyuma ya bega lake tunakufa kwa hamu. Mbele kuna pango, kuna nyoka wa kuuawa, na yeye bado yuko kijijini anauliza habari za mbuzi.

Naanza hapo kwa sababu watu wakisikia natoka Kolwezi, mji wa shaba, na kwamba tulifukuzwa, wanakaa tayari kwa machozi. Machozi yalikuwepo, nani atakataa. Lakini mi sipendi mtu anipangie cha kukumbuka. Nikifumba macho naona kwanza kale kamchezo ka mkononi, ka rangi ya majivu, kakubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na vichwa viwili vya wanaume vimeinama juu yake.

Kichwa kimoja kilikuwa cha baba, fundi wa umeme kwenye karakana ya kampani ya shaba. Kingine kilikuwa cha jirani yetu, dereva wa malori makubwa ya mawe kule mgodini Musonoi. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ua mfupi na mistari miwili ya lenga-lenga, mchicha wetu, na mama zetu walikuwa wanachuma bila kuuliza ni ya nani. Siku hizo kampani ilikuwa inaanguka. Mshahara ulichelewa, unga wa mposho ulichelewa zaidi, basi la wafanyakazi lilikufa na hakuna aliyelifufua. Wazungu walikuwa wanafunga masanduku. Baba na jirani walikwenda kumsaidia mmoja wao kupakia vyombo, na alipomaliza akawapa kale kamchezo. Kamoja, na wao wako wawili. Akapanda gari akaenda zake, wakabaki barabarani wanatazamana.

Kalikuwa kanakula pile nne, zile betri ndogo za radio, na pile nne kwa nyumba moja wakati ule yalikuwa majivuno. Basi hakuna aliyepanga, ikawa tu hivyo: jirani analeta mbili, baba anatoa mbili. Mbili za jirani zilitoka kwenye karadio kake. Mbili zetu zilitoka kwenye tochi ya mama, naye mama akitaka kwenda nyuma ya nyumba jioni anaambiwa angoje, nyoka hajafa. Wakimaliza, kila mtu anachukua zake. Zikichoka, baba anazianika juu ya simenti kwenye jua, anazigeuza kama anavyogeuza mama samaki. Mi nilikuwa najua saa ya mchezo imefika pale radio ya ng'ambo ya ua inaponyamaza.

Ndani ya mchezo alikuwemo kijana mwenye fimbo na taa, ametumwa na mama yake kutafuta maji ya kumponya dada yake. Maneno yalikuwa ya Kifaransa. Baba anasoma, anatafsiri, anajibu kwa sauti. Kulikuwa na mwanamke wa kwanza kijijini, anauza vibuyu, na baba alikuwa anamsalimia kwa lugha ya wazazi wake wa Kasai: "Moyo, mama."

"Unasalimia mashini na Tshiluba?" jirani anamuuliza.

"Hauwezi kupita mu mugini ya bantu paka vile." Kijiji cha watu hakipitwi hivihivi tu, ndivyo baba alivyoamini.

"Ni bantu ba mu pile, ndugu yangu. Habasikie njala, habasikie baridi. Pita tu."

"Hata kama."

Jirani yeye alikuwa mtu wa fimbo. Akishika mashine anakimbia katikati ya kijiji kama anafukuzwa, anapiga kila kinachotembea, hata mbuzi. Anaingia pangoni bila taa, anakufa, anacheka mpaka anamwaga kikombe chake cha munkoyo. Baba anasema haraka haraka haina baraka, naye anajibu kwamba polepole yake inamaliza pile. Wote wawili walikuwa na haki.

Mtu aliyewatesa alikuwa mhunzi, forgeron kama tulivyomwita, mwenye kibanda kando ya mto. Ukimsemesha anakujibu sentensi moja tu: hana nafasi, rudi kesho. Jirani alimpiga fimbo, wapi. Baba alirudi kwake kila siku, kila siku akajibiwa lilelile, na kila siku akamwambia aksanti. Tulijua bila huyo mhunzi mto hauvukiki. Tulifika hapo, na hapo ndipo tulipoachia.

Baba alizaliwa Kolwezi. Hakuna mji mwingine aliokuwa ameujua. Lakini babu yangu alikuwa ametoka Kasai, mkoa wa mbali, kuja kufanya kazi ya kampani, na jirani alikuwa wa nchi hii tangu mababu, na kwa miaka yote hilo lilikuwa jambo la utani wa kwenye bukari, ugali wetu, nani anakula tonge kubwa. Halafu radio ikaanza kusema. Sauti kubwa za wakubwa, kila siku, kwamba watu wa Kasai wamekula kazi na nyumba za wenyeji, na warudi kwao. Tukaitwa bilulu, wadudu. Vijana wakapita na matawi na filimbi. Na radio ya jirani, ile iliyokuwa inanyamaza kila jioni kwa ajili yetu, sasa haikunyamaza tena.

Yaani zile pile mbili zilirudi mahali pake, zikakaa huko. Jirani hakuja. Siku ya kwanza baba alitoa zetu, akazitia, akaweka mashine mezani na mgongo wake wazi, akangoja. Mama akampa chakula, akala anaangalia mlango. Mi nilifikiri jirani ni mgonjwa. Nilikuwa mtoto.

Kila asubuhi baba alisimama kwenye lenga-lenga akamsalimia. "Ndugu, umelala bien?" Yule bwana alikuwa anatoka, anageuza shingo, anarudi ndani. Baadaye hakutoka kabisa, na baba akawa anasalimia mlango uliofungwa. Mi nilikuwa naona haya. Nilimwambia, "Tata, achana naye, hakutaki," akaniuliza kama forgeron alikuwa ananitaka. Mama alisema maji yakimwagika hayazoleki. Baba akasema hayo si maji.

Siku tuliyopewa kutoka ilikuja, na tulichoweza kubeba kichwani ndicho kilichobaki chetu. Mama alikuwa anafunga sufuria. Baba alichukua kamchezo, akaenda nako mpaka kwenye ua, kwa sababu kalikuwa ka watu wawili na hakujua kukachukua peke yake. Aliita. Radio ilikuwa inasema ndani. Aliita tena, akangoja, na vijana wa filimbi walikuwa tayari kwenye kona, na mama anamwita kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Akarudi nako. "Nitamuchungia," alisema.

Tulilala kwenye kituo cha treni majuma mengi, sisi na watu wengine wasiohesabika, tunangoja mabehewa. Watoto walikuwa wanaharisha, wengine walizikwa hapohapo karibu. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Ila siku moja kaka yangu alipata pile mbili za kuongezea zetu, sijui wapi, akaja nazo anakimbia, tukamzunguka baba tucheze hata kidogo tu, tusahau. Baba alikataa.

"Mbili ni zake," alisema.

Nilimchukia siku ile, nakiri bila aibu, na hata sasa nikikumbuka damu inachemka kidogo. Mtu amekufungia mlango, wewe unamtunzia nafasi mgongoni mwa mashine, na watoto wako wanakutazama. Lakini baba alikuwa hivyo, mpole mpaka unataka kumtikisa. Na Kasai, katika nchi tuliyoambiwa ni yetu na ambayo hatukujua hata soko lake liko wapi, aliendelea vilevile. Alikuwa anakafungua, anasugua vyuma vyake kwa kifutio cha shule visishike kutu, anakafunga ndani ya kitambaa. Hakukawasha hata mara moja. Kaka yangu alikuwa anamtania kwamba anachunga maiti. Tulikua, tukaoa na kuolewa, mama akafariki, na kitambaa kiko palepale juu ya kabati.

Nilipopata kazi ya ualimu Kolwezi, baba hakuniambia nisiende wala niende. Alitoa kitambaa.

"Mupelekee."

"Nani?"

"Unamujua."

Nilimwambia yule mutu hakutuaga hata kwa mkono. Nilisema mengi, mi nikianza sinyamazi upesi. Baba alingoja nimalize. "Nimetia mbili," akasema. "Zingine ni zake. Akileta, bien. Asipoleta, unirudishie, mi sitamufikiria tena." Ndipo nilipoelewa kwamba mzee wangu hakuwa mpole tu. Miaka yote alikuwa anasubiri jibu, na sasa alinituma kulichukua.

Nilikaa Kolwezi majuma kadhaa bila kwenda, nikijipa visingizio, mara madaftari, mara mvua. Nilipokwenda nilikuta nyumba yetu ina watu wengine na rangi nyingine, na lenga-lenga imekwisha, pamewekwa matofali. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, amekonda, ndani televisheni inapiga kelele ya mpira na wajukuu wake wanaitazama. Hakunijua. Nilimwambia mi ni mtoto wa nani.

"Tata yako eko muzima?" aliuliza.

"Eko."

Alishusha pumzi. Sikumpa maneno mengine, nilimwekea kitambaa mapajani. Alikifungua, akakageuza kale kamchezo, na kidole chake gumba kikafungua kifuniko cha nyuma bila yeye kutazama. Akaona pile mbili na nafasi mbili tupu.

"Amesema zingine ni zako," nikasema, na sikusema kwa upole.

Alisimama akaingia ndani. Nilisikia mpira, halafu nikasikia watoto wanamlalamikia babu yao kwa rimoti ya televisheni, "Nkambo, telekomande! Nkambo!" Alirudi na pile mbili kwenye kiganja. Lakini hakuzitia mara moja. Alikaa akazishika.

"Niliogopa," alisema. "Balisema nyumba ya mwenye atasalimia bilulu nayo batachoma. Nilikuwa na batoto. Tata yako alikuwa anakuya pale kila asubui." Alionyesha matofali. "Mi nilikuwa najibu. Lakini ndani."

Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu utoto, makali, nimeyanoa kwenye behewa, nimeyanoa Kasai. Niliyaacha. Sikumwambia si kitu, kwa sababu ilikuwa kitu, na kilikuwa kikubwa. Nilimwambia tu, "Tia pile, tata."

Akatia. Kwanza hakakuwaka, na mimi niliyekuja kwa hasira nikajikuta naomba kawake. Akazigeuza, akapiga mgongo wa mashine kwa kiganja kama zamani, na kale kawimbo ka mwanzo wa mchezo kakatoka, kadogo, ka kukwaruza, kakafanya watoto waache mpira waje kuona. Kijana wetu aliyekuwa kando ya mto hakuwepo tena. Kumbukumbu yote ilikuwa imefutika, kibetri chake cha ndani kimekufa kwa miaka.

"Tulikuwa tumefika ku forgeron," alisema.

"Basi tuanze tena."

Alianza. Mama wa mchezo akasema shida yake, kijana akapewa fimbo, akatoka nje kijijini. Nilingoja jirani akimbie. Nilikuwa nimekaa tayari kucheka. Alikwenda polepole mpaka kwa mwanamke wa vibuyu, akasimama mbele yake, macho yake yakiwa karibu yaguse kioo.

"Moyo, mama," akasema, akabonyeza.

Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa mwenye mbuzi. Wajukuu wakamwambia, nkambo, pita, unachelewa, naye akawajibu mugini ya bantu haipitwe paka vile. Mi nilitoka pembeni, nikatoa simu, nikampigia baba. Aliitika upesi kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Alileta?"

"Alileta. Zimewaka."

Nikasikia pumzi yake na jogoo wa huko Kasai.

"Eko anafanya nini sasa?"

"Anasalimia watu, tata. Mmoja mmoja."

Alicheka, kisha akakohoa. Alikuwa ameapa zaidi ya mara moja kwamba mguu wake hautakanyaga tena Kolwezi.

"Mwambie asivuke muto peke yake," alisema. "Aningoje ku forgeron. Niulizie treni."

Nilirudi nikamwambia jirani neno kwa neno. Alinisikiliza, akazima kamchezo, akafungua mgongo wake. Alitoa zile mbili zake, akampa mjukuu azirudishe kwenye telekomande, na zile mbili za baba akaziacha ndani.

"Tutamungoja," alisema.