Nimeshindwa Kuvuka Maduara Mawili ya Chaki

Jamani, leo nimeshindwa kuvuka uani kwetu, hapa hapa Kibaha!

Nilichora kwa chaki maduara mawili yanayogusana; nafasi ya ndani yake ndiyo seti yangu ya namba changamano, zile za hesabu za chuo. Mistari yenyewe ya chaki haimo kwenye seti.

Nikatamba: "Iko wazi, kila nukta ina nafasi pande zote. Na imeungana, si yanagusana?"

Mwanaidi, mwenzangu wa chuo kutoka Kisarawe, akasema, "Haya, kama imeungana, tembea kutoka duara hili uingie la pili bila kutoka nje. Usikanyage mstari."

Nikafika yanapogusana, kumbe hapo pana mstari tu. Mguu ukabaki hewani.

Nikaruka!

Mama, aliyekuwa akichambua mchele wake kwenye ungo, akapaza sauti: "Kuruka hakuna! Umetoka!"

Tulicheka mpaka ungo ukapinduka.

Basi, seti yangu haijaungana. Mtihani kesho, na hili silisahau.

Tukiongeza ile nukta moja yanapogusana, je, itaungana? Nijibuni haraka.

Mama keshavua kandambili, anataka zamu yake.