Mtoto wa Mbega na Ua la Kahawa

Mwaka wa 2015 nilitoka Bwera na gari langu mwenyewe, la pili hilo, nikapanda mlimani Kyarumba kuangalia kahawa nitakayonunua msimu ukifika. Nikaikuta imetoa maua. Mteremko mzima mweupe, harufu tamu mpaka ndani ya gari. Nikazima injini. Rafiki yangu, mimi mtu wa darasa la nne tu, ambaye leo wenye digrii wananisubiri mlangoni, nilikaa pale nikimkumbuka bibi.

Bibi yangu alikuwa na kahawa pale pale, chini ya msitu. Ikitoa maua, jembe linalala. Hakuna kupita katikati ya miti, hakuna kuokota kuni. Tulikula muhogo na maharagwe kimya, kama nyumba yenye mgonjwa. Ua likianguka, alisema bibi, ni punje imeanguka. Na mwaka mmoja, mimi bado mtoto, punje zilikuwa mabati yetu ya paa, maana nyumba ya nyasi ilivuja mpaka kitandani.

Asubuhi moja mbega jike akashuka. Yeye mweusi, manyoya marefu meupe mabegani kama shuka. Kifuani kitoto cheupe pe, maana mbega huzaliwa hivyo. Akakaa kwenye kahawa, kitoto kikapotea ndani ya maua. Mlima ule hakuna aliyenishinda macho, lakini hata mimi sikukiona tena mpaka kilipogeuza uso.

Jirani akaja na mawe. "Bibi, iko anakula mabati yako, na wewe unaangalia?"

"Weka chini. Yeye atakula tawi moja. Wewe utaangusha maua ya mti mzima."

"Basi umulete ndani, umupikie."

"Akimaliza yeye, nitakupikia wewe. Kaa."

Jirani akakaa. Tukakaa wote. Bibi akaninong'oneza kwamba hivi viwili huzaliwa vyeupe na kuishia vyeusi: kitoto kikikua, na punje ya ua ikikauka juani. "Lakini ua haina mama wa kuishika. Ndiyo maana tunaishika sisi."

Mbega akashiba, akaondoka mwenyewe. Mabati tukapata. Mvua ya kwanza ilipoyapiga, bibi alicheka peke yake gizani.

Siku ile ya gari, msitu wa juu ulikuwa umeshageuka mashamba ya maharagwe mpaka kileleni. Mwenye kahawa akaniita kwa mbali: "Bosi, pita tu katikati, hakuna shida."

Nikazunguka pembeni, na viatu vyangu vya bei kwenye matope, nikiangalia kila tawi jeupe mara mbili.