Wavu wa Kuyeyuka

Fundi nyavu wa Kivukoni hakuamini wavu ambao hajaujaribu. Hata ule mpya wa dukani aliunasa kwenye dole gumba la mguu, akauvuta, akang'ata fundo, akanusa, ndipo akasema, “Haya.” Kwa hiyo asubuhi ile wodini, daktari alipompa kipande cha mfano cha wavu wa kuzibia ngiri yake, mdogo wake Merina alifumba macho kwa aibu. Dole lilikuwa limeshainuka.

“Huu utayeyuka wenyewe mwilini,” daktari alisema.

“Uyeyuke? Mimi nikiuza wavu wa kuyeyuka, watu si watanitosa mtoni!” Akaanza kutafuta shati lake aondoke.

“Kaka,” Merina alisema, rozari mkononi, “baba tumemzika Kwaresima hii kwa ngiri hiyo hiyo. Naye alisema anatafuta shati.”

Fundi akakaa. Daktari akamweleza kwamba nyama ya mwili huota ikapita kwenye matundu ya wavu, na wavu ukija kuisha, nyama imeshashikana.

“Kwa hiyo fundi mwenyewe ni nyama yangu?”

“Ndiyo, mzee.”

Akalitazama tumbo lake kwa mashaka. “Merina, mdogo wangu, sali kwa sauti. Huyu fundi sijawahi kuona kazi yake.”