Mchungaji Aliyekuja Mbuya na Jembe

Mwone kwanza akishuka. Basi la kutoka kaskazini limesimama, abiria wanagombania mizigo, naye yuko mlangoni: mtu mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na tisa, kola ya kichungaji shingoni na vumbi la Kitgum bado kwenye viatu. Nyuma yake ni mkewe, Aol, amekumbatia kikapu chenye kuku wawili. Utingo anateremsha sanduku la vitabu, anateremsha gunia la ufuta, halafu anachomoa kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge kilichochakaa. Anakipima mkononi, anacheka.

"Mchungaji, hii ni bunduki?"

"Ni jembe, mwanangu."

"Jembe! Hapa Kampala? Unakuja kulima lami?"

Mchungaji Olal alicheka kuliko utingo mwenyewe, akalitia jembe begani, akauliza njia ya Mbuya. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa Januari, mwaka huu ambao Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja. Shika hilo la Ramadhani, maana yeye hakulishika, na ndilo lililotaka kumponza.

Juu ya mlima wa Mbuya wamekaa wakubwa wa jeshi. Kanisa alilopewa Olal haliko juu. Liko bondeni, mahali maji yote ya mlima yanapokuja kupumzika. Wanaokaa huko ni familia za askari na polisi, Waacholi wengi, na wajane wa askari ambao hawakurudi kwao. Nyumba zinazofuata ni za Wanubi, wajukuu wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza enzi za mababu. Siku hizi ni madereva, mafundi wa magari, wauza chapati. Kila nyumba ina lugha yake ya ndani. Ukitoka nje ni Kiswahili, na kila mtu anakivunja anavyoweza.

Kanisa lenyewe ni la matofali na mabati. Ukiingia, kitu cha kwanza unachokiona si msalaba. Ni mstari wa tope ukutani, umezunguka kanisa zima, unafika magotini kwa mtu mzima. Juu ya meza palikuwa na barua ya Kanoni, msimamizi wa makanisa ya eneo hilo. Olal aliisoma akiwa bado na jembe begani. Barua ilisema hivi: jengo likiingia maji tena mwaka huu, baada ya Pasaka litafungwa, na watu wake wahamie kanisa la mlimani.

"Mlimani wanasali kwa lugha gani?" aliuliza Aol.

"Kiganda. Na Kiingereza saa nne."

Aol akatua kikapu cha kuku. "Basi hawa wa hapa watakwenda kusikiliza nini?"

Jumapili ya kwanza walikuja watu kumi na tisa. Baada ya ibada mjane mmoja aitwaye Adong, ambaye mguu wake wa kushoto haukunjiki, alibaki kwenye benchi akimtazama mchungaji akipanga vitabu vyake kabatini.

"Ladit," alimwambia, kwa lile neno Waacholi wanalomwitia mtu wa kuheshimiwa, "usipange vya chini. Mvua za Machi zikifika utavifuata huko Ggaba, ziwani, ukawaulize samaki wamefika ukurasa gani."

"Maji yanatoka wapi, mama?"

"Kuna mtaro wa zamani nyuma ya nyumba za Wanubi. Umejaa mchanga na mifuko ya plastiki. Hauna mwenyewe. Jeshi linasema ni wa mji, mji unasema ni wa wenye nyumba, wenye nyumba wanasema ni shauri la Mungu." Akajiinua kwa fimbo. "Mlimani mimi sitapanda. Wakifunga hapa, nitasali na paka wangu."

Nikwambie kidogo mtu huyu ametoka wapi, upate kuelewa alichofanya baadaye.

Olal alizaliwa kijiji cha mbali, ukitoka Kitgum ni safari ya siku nzima kwa miguu. Kusoma alifundishwa na katekista mmoja aliyekuwa na kitabu kimoja tu cha sala, akakisoma mpaka akaweza kukifuata hata kikiwa kichwa chini miguu juu. Vita vilipokuja, watu wote wa kwao walisukumwa kambini, nyumba zimebanana kama uyoga. Mashamba yalikuwa yanaonekana kwa macho, ila kwenda huko kuliruhusiwa saa chache tu kwa siku, askari wakiwa mbele na nyuma. Olal wakati ule hakuwa mchungaji. Alikuwa msomaji tu wa kanisa, asiye na kola wala kitu. Asubuhi alichukua jembe, akauliza ni mjane gani leo shamba lake halijaguswa, akaenda kulima naye. Neno la Mungu lilikuja baadaye, watu wakiwa wamekaa juu ya mipini. Askari wa ulinzi nao walikuwa wanasikiliza, na ndio waliomfundisha Kiswahili. Walimtania kwamba mahubiri yake ni mafupi na matuta yake ni marefu. Askofu alipomwekea mikono alikuwa na miaka arobaini na minne, na viganja vyake vilikuwa vigumu hata askofu akavitazama mara mbili.

Ulimaji huo Waacholi wanauita awak. Majirani wanakutana kwa shamba la mmoja, wanalimaliza, mwenye shamba anawalisha, kesho wanakwenda kwa mwingine. Una sheria zake. Aliyeita kazi hali kabla ya waliomfanyia kazi. Na aliyekuja kuchimba hakatai chakula cha aliyemwita. Akikataa, maana yake ana neno moyoni, na neno lenyewe si zuri.

Kwa hiyo Olal alifanya alivyozoea. Alipita nyumba kwa nyumba kuita awak ya mtaro, akaanza kwa Waacholi, akaishia kwa mzee Sulaimani, dereva mstaafu wa malori ambaye Wanubi wote wa bonde lile hawaamui jambo bila yeye. Mkewe, mama Kaltumi, alileta chai ya tangawizi.

"Mzee wangu," alisema Olal, "maji yanayoingia kwangu yanapitia kwako."

"Yanapita? Yanalala! Mwaka jana nilivua kambare chini ya kitanda."

"Basi tuchimbe pamoja. Jumamosi ya mwisho ya Februari. Mtu aje na chombo chake, chakula ni juu yangu."

Sulaimani aliitazama kalenda ukutani, kisha akamtazama mgeni wake. Mama Kaltumi alifungua mdomo. Mumewe akakohoa, naye akaufunga.

"Tutakuja, Mchungaji," alisema Sulaimani.

Huko kwao Olal hakuwa na jirani Mwislamu hata mmoja. Mwezi kwake ulikuwa mwezi tu.

Siku ilipofika walikuja zaidi ya watu hamsini. Jembe la Kitgum lilitangulia kugusa ardhi, nyuma yake sururu, beleshi na toroli mbili za fundi wa magari. Waacholi walianzia upande wa kanisa, Wanubi upande wa nyumba zao, wakutane katikati. Utani haukukosekana. Koplo mstaafu Oryem, mtu wa kifua kipana na sauti ya gwaride, aliwapigia kelele wenzake kila saa.

"Wanubi wanatupita! Babu zao walichimba handaki la Mwingereza, ninyi mnaparua kama kuku!"

"Oryem, chimba," alijibu Sulaimani kwa mbali. "Mdomo wako hauna ukingo."

Saa saba mchana nusu ya mtaro ilikuwa bado. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa ziwa. Aol na wanawake wa kanisa wakafunua masufuria: ugali wa mtama, na maharage yaliyoungwa kwa ufuta ule uliokuja na basi. Harufu ilishuka mtaroni kabla ya mtu kuita. Waacholi wakatoka, wakanawa. Wanubi nao wakatoka, wakavuka kwenda kivuli cha ukuta wa pili, wakakaa, wakawapa mgongo.

Aol alipeleka sahani ya kwanza kwa Sulaimani mwenyewe, kwa mikono miwili. Sulaimani akaweka mkono kifuani. "Ahsante, mama. Weka tu."

Aol akarudi na sahani imejaa.

"Umeona?" alisema Oryem, bila kupunguza sauti. "Mtu anachimba kwako, halafu chakula chako hakitaki. Kwetu huyo anakungojea njiani. Wacha kila mtu achimbe kwake!" Akatupa jembe. Wengine wawili watatu wakatupa yao.

Olal alisimama katikati, kijiko cha kupakulia mkononi. Aliona mtaro uliofika nusu, ambao ni mbaya kuliko usiochimbwa, maana maji yote ya mlima yangeletwa mpaka mlango wa kanisa na kuachwa hapo. Akavuka mpaka kivulini.

"Mzee Sulaimani. Kama nimekukosea, niambie mbele ya watu."

"Hujanikosea, ssebo, bwana wangu."

"Sasa mbona hamli?"

Aliyejibu alikuwa mama Kaltumi, kutoka dirishani kwake.

"Wamefunga, Mchungaji! Ramadhani hii! Nilitaka kukwambia siku ile, mzee wangu akanikoholea."

Olal alihesabu saa ambazo wale watu walikuwa wamechimba tangu asubuhi, jua kali, bila tone la maji, kwa ajili ya sakafu ya kanisa.

"Kwa nini hukunikatalia siku?" aliuliza polepole.

"Mgeni anaingia kwangu mara ya kwanza, anaomba kitu kimoja," alisema Sulaimani. "Nimwambie rudi mwezi ujao? Na mvua itanisubiri?"

Olal akarudi kwenye masufuria. "Aol, funika."

"Funika?" Oryem aliruka. "Ladit, mimi sijafunga kitu! Mimi ni Mprotestanti!"

"Hii ni Kwaresima, Oryem."

"Kwaresima niliacha sukari! Sikuacha ugali!"

Hata Wanubi walicheka, migongo ikageuka. Olal aliwaambia wote. "Mimi ndiye niliyeita kazi, na sili kabla ya wachimbaji wangu. Wachimbaji wangu watakula jua likizama. Mwenye njaa ale sasa, simlaumu, hakuna dhambi. Mimi naingia mtaroni."

Akaingia. Kwa muda lilisikika jembe moja tu. Kisha beleshi la Sulaimani. Oryem alizunguka masufuria mara mbili, akamkuta Adong ameketi karibu nayo, fimbo mapajani.

"Mama, hata kijiko?"

"Gusa uone. Mguu ndio haukunjiki, mkono wenye fimbo unakunjika vizuri."

Akarudi kuchimba. Kiu ilimshinda, mara kwa mara alikwenda nyuma ya kanisa kunywa maji na kurudi akipangusa mdomo kama mwizi, lakini hakula. Pande mbili zilikutana saa kumi na moja na nusu. Aliyebomoa tope la mwisho alikuwa Oryem, na aliyekuwa upande wa pili wa tope hilo alikuwa Sulaimani, wakatazamana wamepakwa udongo mpaka nyusi.

"Kumbe umefunga, na bado umenishinda," alisema Oryem.

"Nilikuwa sipotezi nguvu kuongea, koplo."

Adhana ya Magharibi ilipolia mama Kaltumi alipita na sinia ya tende. Sijui kama alikusudia, ila tende ya kwanza alimpa Oryem. Maharage ya Aol yalipashwa moto, pakaongezwa chapati na sambusa za Wanubi, na watu wakala wamekaa ukingoni, miguu imening'inia ndani ya mtaro, hujui nani amekuja upande gani. Olal alikula wa mwisho. Waliomwachia walimwachia chakula kingi.

Mvua kubwa ilipiga usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi. Asubuhi Kanoni alikuja mwenyewe, viatu vya mpira miguuni, amejiandaa kwa mafuriko. Aliinama mlangoni, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama. Vumbi. Nje mtaro ulikuwa unanguruma kwenda zake.

Baada ya ibada alikunja ile barua, akaitia mfukoni. "Hii haina kazi tena," alisema. "Kanisa litabaki." Adong alipiga vigelegele mpaka paka wa jirani akakimbia.

"Limebaki jambo dogo tu, Mchungaji," Kanoni aliendelea, akatoa fomu ya mwaka. "Hapa unajaza idadi ya watu wa kanisa hili. Wakweli, usiniwekee hewa."

Olal akachukua kalamu. Ndani walikuwa wamesali watu arobaini na watatu, alishawahesabu. Akainua macho. Barazani alikuwa amesimama mzee Sulaimani na wanawe wawili, mabeleshi mkononi, wamelowa. Walikuja tangu alfajiri kutoa plastiki mtaroni isizibe, na hawakuwa wameimba hata ubeti mmoja, wala hawataimba. Ramadhani ilikuwa imekwisha, na Oryem alikuwa anawapa chai.

Kanoni alingoja. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haijagusa.

Wewe, msomaji wangu, ungeandika wangapi?