Faraja Hukaa Wapi

Nikiwa msichana nilikuwa na daftari ambalo kurasa zake za nyuma niliandika maneno ambayo watu wazima waliyatumia bila kuyaeleza. "Faraja" lilikuwa mojawapo. Mwalimu alisema faraja ni kitulizo, na nilipomuuliza kitulizo ni nini akasema ni faraja. Darasa zima likacheka, mimi nikanuna hadi kengele ya mwisho.

Raha niliijua, ilikuja na soda ya Krismasi. Starehe niliijua pia, ndiyo iliyowapeleka wanaume kwenye mabaa ya Kitale kila mwisho wa mwezi. Pole ndiyo sikuhitaji kuulizia kabisa, maana kwetu hata mtu usiyemjua akijikwaa ng'ambo ya barabara unampa pole yake. Faraja nilikuwa nimeiona mahali pamoja tu, kwenye leso ya jirani yetu: Baada ya dhiki faraja. Nilitaka sana kujua hiyo "baada" ni muda gani. Ni wiki, au ni mwaka?

Tuliishi Kitale, karibu na msikiti, nyumba yetu na ya jirani huyo zikitumia ukuta mmoja. Wazazi wangu walikuja kutoka Nyeri wakiwa vijana, wakawa wanalima mahindi upande wa Moi's Bridge. Jirani huyo alikuwa Mwislamu, mke wa fundi wa cherehani. Mama na yeye waliitana "jirani", nasi watoto tukalishika kama jina lake, Jirani. Sambusa za Idi zilivuka kuja kwetu, na chapati za Krismasi zikavuka kwenda kwao.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa kidato cha pili, baba alifariki baada ya kuugua. Naona haya kusema hivi, lakini katikati ya uchungu wangu nilitega masikio. Watu walikuwa wakija kumfariji mama, na mimi nilitaka kuiona hiyo faraja ikifika. Walisema, "Jikaze." Walisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mama aliitikia asante kwa kila mmoja, kama mtu anayepokea mizigo mlangoni bila kuifungua. Hakulia. Hakula pia. Siku ya kwanza alikunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa, siku ya pili strungi hiyo hiyo, nusu kikombe. Nilishikwa na hofu. Nilikuwa nimebaki na mzazi mmoja, na huyo mmoja alikuwa akiisha mbele ya macho yangu.

Siku hiyo ya pili Jirani alikuja na sufuria ya wali iliyofungwa kwa leso. Alipoona mama ameinama kuwasha jiko, alimpokonya kiberiti.

"Hapa hakuna moto siku tatu. Sisi ndio tutapika."

Kwao ndivyo ilivyo, nyumba yenye msiba haipiki, majirani huilisha. Kwetu wanawake huja na unga, viazi na kuni, na mwenye msiba akitaka hujiingiza katika vurugu za jikoni akajisahau humo. Na mama alikuwa mtu wa kazi. Sikuwahi kumwona amekaa bila kitu mkononi, hata kanisani alikuwa akifungua na kufunga kibeti chake.

"Ati hakuna moto? Sasa mimi nikae tu hivi nikiangalia ukuta?"

"Kaa, upumzike."

"Nimechoka na kupumzika, jirani!"

Jirani alimtazama, akatoka. Nikasema moyoni, basi, tumempoteza na yeye. Kumbe alikwenda kwake kuleta uteo wa kupepetea na mkebe mzima wa gorogoro wa maharagwe yaliyojaa mawe na maganda. Akamwekea mama mapajani.

"Haya. Moto bado hapana. Lakini haya hayajachambuliwa, na macho yangu si unajua yamezeeka."

Uongo mtupu. Macho yake yalikuwa yakitunga uzi kwenye sindano kabla mumewe hajavaa miwani.

Mama akaanza kuchambua. Jiwe huku, harage kule. Alipofika katikati mikono ikasimama, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Alilia akichambua, hadi jiwe la mwisho. Jioni hiyo alikula wali sahani nzima na kuulizia pilipili. Mimi nilikwenda kuchukua daftari langu, nikaandika: faraja ni kazi ya mikono. Nikalifunga kwa maringo, kama mtu aliyepata hesabu iliyowashinda wenzake.

Miaka minne baadaye Jirani na mumewe walikuwa wamehamia Bungoma. Siku moja simu ikaja kwamba mzee amefariki, na tayari amezikwa, kwa sababu wao hawachelewi kuzika. Mama hakupeleka unga wala kuni. Alipika githeri ya mahindi na maharagwe, kwa kuwa sasa alijua desturi, kisha akafunga uteo na mfuko wa maharagwe machafu.

"Watu wanapeleka chakula, wewe unapeleka kazi?" nikamtania.

"Wewe nyamaza. Mimi ndio najua dawa yake."

Tulimkuta Jirani ameketi mkekani, amepungua, macho mekundu. Binti yake alitunong'onezea kwamba hajala wala kulala tangu juzi. Mama alimkabidhi githeri, akamkumbatia Jirani sana, kisha akamwekea uteo mapajani, vilevile alivyowekewa yeye. Jirani aliyatazama yale maharagwe.

"Dada yangu, mimi sitaki kazi," akasema. "Nimemuuguza miezi sita. Mikono imechoka."

Akausukuma uteo kando, taratibu. Nilihisi jibu langu la daftarini likifutwa. Mama aliangaza macho kutafuta cha kufanya. Sufuria zilikuwa na wenyewe, ndoo zilikuwa na wenyewe, hata ufagio ulikuwa na mtu.

"Sasa nikufanyie nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaa."

Mama akakaa. Akanyoosha miguu mkekani, mikono mitupu. Jirani akalaza kichwa kwenye paja lake, na kabla sijamaliza kuvua viatu alikuwa amelala fofofo.

Mama hakusogea. Chai ililetwa, akaikataa kwa macho, kikombe kisije kikagonga sahani. Saa moja ikapita. Nilimwona akiuma mdomo, nikamsogelea na mto.

"Mguu?"

"Ulikufa ganzi zamani."

"Basi tubadilishe na mto."

"Thubutu!" akaninong'oneza, na nikaurudisha mto mahali pake.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwamsha Jirani. Aliketi, akajifunga leso, akamwona mama anajaribu kuinuka na kuanguka tena chini. Akaukamata ule mguu, akaanza kuusugua kwa mikono yake miwili.

"Wewe! Saa zote hizi ulikuwa umekaa tu hivi?"

"Si uliniambia nikae."

Jirani aliendelea kusugua, machozi yakimdondoka. Kisha akamgeukia binti yake, akauliza ile githeri iko wapi.