Kobe wa Watu

Nichekeni, ila kwa zamu. Nilipakua mtandaoni programu huria ya kuhesabu magunia, nikafuta majina ya walioiandika, nikaweka langu. Nembo yake, kobe mwekundu, nikaiacha kwa sababu inavutia. Huria si ndiyo bure, jamani?

Mzee Mbwambo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kihurio, akakubali kuinunua, mradi mwalimu wetu wa kompyuta aikague kwanza. Siku hiyo nikavaa tai ya baba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kobe huyu wa nani?"

"Wangu. Ni ishara ya uvumilivu."

"Ajabu, na mimi ninaye." Akafungua kompyuta yake. Kobe yuleyule!

"Kuiuza unaruhusiwa," akasema. "Ila majina ulitakiwa uyaache, na kobe ndiye ulitakiwa umtoe, maana nembo ni ya wenyewe. Wewe umegeuza. Kwani leseni hukuiona?"

Leseni ninayoijua mimi ni ile wanayoulizwa madereva na trafiki pale Makanya.

"Bado, mwalimu. Sijafikisha miaka kumi na nane."

Mzee Mbwambo akanitazama, akaitazama kompyuta. "Kumbe hiki kitu kinaendeshwa barabarani?"